Tuanze na Habu ya Nyuma: Mhadhara kuhusu Ringi na Habu za Baiskeli za Mashindano

Ndugu mafundi, na ninyi wenzetu mnaopanda baiskeli za mashindano, karibuni. Mteja anapoingia karakana akitaka kufungiwa magurudumu mapya, swali lake la kwanza karibu kila mara huwa ni uzito wa ringi. Mimi humrudisha kwenye habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu ambamo spoki hushikwa, na leo nitakaa hapo kuliko kwingineko.

Itazameni hii niliyoishika. Imetengenezwa kwa fremu yenye nafasi ya milimita 130 kati ya ncha mbili zinazoshika gurudumu la nyuma, kipimo kilichozoeleka kwa baiskeli zenye breki za kubana ringi. Zenye breki za diski na ekseli nene huwa na 142, basi pimeni fremu kabla ya kutoa fedha. Kwa kuwa gia zimejaa upande wa kulia, sahani ya kulia inayoshika spoki imesukumwa ndani hadi milimita 18 hivi kutoka katikati, ilhali ya kushoto iko kwenye 36. Ringi sharti ikae katikati ya fremu, na kwa hiyo spoki za kulia, ambazo zimesimama karibu wima, hazina budi kuvutwa mara mbili ya zile za kushoto ndipo pande zilingane. Ukikaza kulia kwa mvuto wa kilo 120, kushoto unabaki na 60. Gusa spoki moja ya kila upande kwa kidole usikilize: ya kulia inalia kwa sauti nyembamba, ya kushoto inanguruma. Spoki hiyo ya kushoto, kila inapofika chini na kubebeshwa uzito wa mpandaji, hulegea, kisha hukaza tena, maelfu ya mara kwa safari moja, mpaka nati yake inayoishika kwenye ringi inajifungua au shingo yake inakatika kwenye tundu la habu.

Dawa mojawapo iko kwenye ringi. Zipo ringi za nyuma ambazo matundu yake yamesogezwa kando kwa milimita 3. Ukizifunga matundu yakielekea kushoto, zile 18 na 36 zinakuwa 21 na 33, na kushoto unapata kilo 76 badala ya 60. Mimi ningelipia milimita hizo 3 kabla ya kulipia wepesi wa gramu 50.

Idadi ya matundu ya habu na ringi lazima ilingane. Kwa mpandaji wa kilo 90 na zaidi sishuki chini ya spoki 32 nyuma; mbele, ambako pande zinalingana kama breki si ya diski, 28 zinatosha.

Kuhusu gololi na koni (nati zenye ncha nyembamba zinazozibana gololi kwenye kikombe cha habu) dhidi ya beringi za kufungwa, ubishi wake haukomi. Gololi hufunguliwa na kupakwa grisi kwa spana mbili nyembamba, lakini ukizisahau hadi kikombe kikachimbika, habu imekwisha. Beringi hugongwa ikatoka ikaingia nyingine, mradi namba yake, tuseme 6902, inauzwa mjini kwenu.

Ringi yenyewe isomwe kwa namba 622, yaani kipenyo kwa milimita pale tairi inapokaa. Neno “inchi 28” limewaponza wengi, maana ringi za baiskeli zetu nyeusi za mizigo, zenye 635, nazo huitwa hivyo hivyo, na tairi ya moja haikai kwenye nyingine. Kwa tairi ya milimita 28, upana wa ndani wa 19 hadi 21 unafaa.

Mwisho, msinunue spoki kwa kuamini kipimo kilichoandikwa kwenye boksi la ringi. Kateni spoki mbili za zamani, muzifunge nati, muzipitishe kwenye matundu yanayotazamana, na mpime wenyewe kipenyo kutoka nati hadi nati. Spoki ikizidi kwa milimita 2, uzi wake huisha kabla haijakaza, na ncha yake huchomoza juu ya nati ndani ya ringi.