Mbalamwezi kwenye jedwali

REHEMA: Karibu msikilizaji. Tuko Kirumba, Mwanza, na kelele unazosikia ni za wapakiaji wa dagaa pale Mwaloni. Leo tunazungumzia sayansi ya data vyuoni, na kwa nini haiwezi kufundishwa bila watu wa fani nyingine. Kulwa, wewe unaifundisha. Anza na kisa cha lile jedwali.

KULWA: Nilikuwa na mwanafunzi, kijana hodari kweli wa kompyuta. Nikampa rekodi za dagaa za mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhusha samaki, siku kwa siku. Akakuta kila mwezi kuna siku kadhaa mfululizo hazina kitu. Akajua karani amesahau kuandika. Basi akaandika programu ikajaza zile nafasi kwa wastani wa siku za jirani.

REHEMA: Ndivyo wanavyofundishwa.

KULWA: Ndivyo nilivyomfundisha mimi! Mchoro ukatoka mzuri. Nikamwambia twende mwaloni tukawaonyeshe wenyewe. Mama mmoja alikuwa anaanika dagaa, akaishika simu, akautazama mchoro, akauliza: "Hawa wa mbalamwezi mmewapata wapi?"

REHEMA: Eeh!

KULWA: Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa inakosa nguvu, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Karani hakusahau kitu. Sisi ndio tuliohesabu dagaa ambao hawakuvuliwa na mtu.

REHEMA: Na hapo ni mwalo mmoja tu. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na tunaligawana nchi tatu. Sisi tunasema dagaa, Kenya omena, Uganda mukene. Samaki ni yuleyule. Unganisha rekodi za nchi tatu bila mtu wa samaki mezani, kompyuta itakuhesabia aina tatu.

KULWA: Halafu kuna ndoo. Ndoo iliyojaa hadi ukingoni na ndoo iliyorundikwa juu, zote karani anaandika "ndoo 1".

REHEMA: Mimi nimetoka upande wa afya, na nasema mkoa huu ulishaonyesha njia zamani. Kati ya 1991 na 1994 ulifanyika hapa utafiti wa kutibu magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida vya afya. Jamii 12, zikapangwa mbilimbili: ya visiwani na ya visiwani, ya pwani ya ziwa na ya pwani ya ziwa. Katika kila jozi, moja ikaanza kupata huduma bora, nyingine ikasubiri. Maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takriban asilimia 40.

KULWA: Ule upangaji ndio ninaoupenda. Mtu wa takwimu peke yake angepiga kura tu, akaishia kulinganisha kisiwa na kijiji cha barabarani.

REHEMA: Lakini chuoni pagumu, Kulwa. Mwanafunzi akiwa na wasimamizi wawili wa vitivo viwili, tasnifu inasahihishwa na nani? Huyu anataka hesabu, yule anataka sura nzima ya mazingira ya ziwa. Nimeona binti akiandika sura moja mara tatu kwa sababu hiyo. Iliniuma sana.

KULWA: Wasimamizi wakae pamoja kabla hajaandika neno. Na nauli ya kwenda mwaloni iwekwe kwenye bajeti ya somo, kama inavyowekwa intaneti. Tukikosa nauli tunafundisha nusu.

REHEMA: Yule kijana wa mbalamwezi aliishia wapi?

KULWA: Alifuta ile programu yake, akaongeza safu moja kwenye jedwali: umri wa mwezi. Siku tupu zikabaki tupu. Sasa ana daftari la yule mama, aliyeandika bei za ndoo kwa miaka kwa kalamu ya wino. Analiingiza ukurasa kwa ukurasa, na mama anakaa pembeni akimsomea mwandiko.

REHEMA: Leo mwezi una siku ngapi?

KULWA: Umeandama juzi.

REHEMA: Basi wanatoka. Ngoja giza liingie, tutaziona taa kutoka hapahapa.