Kampeni za Kinshasa na Amani ya Maziwa Makuu

Ndugu mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Kila ninapoitwa kuzungumzia uchaguzi wa Kongo, swali la kwanza huwa ni lile lile: nani atashinda? Naomba leo tuliweke kando, kwa sababu nimelijibu mara nyingi na halijapata kunieleza kwa nini bunduki hazinyamazi Kivu, mashariki mwa nchi hiyo. Uchaguzi huitia amani ya ukanda huu hasara kubwa zaidi majukwaani, kabla ya kura hata moja kupigwa, na pia katika maeneo ambako sanduku la kura halifiki kabisa.

Walionisikia zamani wataniwia radhi, kwani siwezi kulieleza jambo hili bila kumtaja Corneille Nangaa. Huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, ambaye usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 2019 alimtangaza Félix Tshisekedi mshindi wa urais, huku Kanisa Katoliki, lililokuwa limetawanya waangalizi wapatao 40,000 nchini kote, likisema kwamba takwimu zake hazilingani na za Tume. Majirani walinung'unika kidogo, kisha wakatuma pongezi. Sasa tazameni: tarehe 15 Desemba 2023, siku tano kabla ya kura nyingine, Nangaa huyo huyo aliketi mbele ya waandishi wa habari mjini Nairobi, pamoja na viongozi wa M23, waasi wa Kivu wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, akazindua muungano wa Alliance Fleuve Congo dhidi ya rais aliyemtangaza mwenyewe. Kinshasa ikawaita nyumbani mabalozi wake walioko Kenya na Tanzania. Nairobi, mji uliobeba jina la mazungumzo ya amani yaliyoanza Aprili 2022 na kusimamiwa na Uhuru Kenyatta, ukawa sehemu ya ugomvi wenyewe, tena katika juma ambalo hakuna mgombea angethubutu kusema neno la upole.

Na kweli hakuna aliyelisema. Akiwa Bukavu, Tshisekedi alimfananisha Rais Kagame wa Rwanda na Hitler. Alipofunga kampeni Kinshasa tarehe 18 Desemba, aliahidi kwamba akichaguliwa tena na Rwanda ikiendelea na uchokozi, ataliomba Bunge idhini ya kutangaza vita. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kilichokuwa kimezomewa miezi mingi kwa kukataa kuwashambulia waasi, kilikuwa tayari kimeanza kufungasha virago, kwa kuwa Kinshasa ilikataa kukiongezea muda. Nafasi yake ikachukuliwa na wanajeshi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakiwamo wa kwetu Tanzania. Tshisekedi alipata zaidi ya asilimia 73 ya kura. Mtu aliyeshinda kwa ahadi ya kutozungumza na M23 angewezaje kurudi kwa wapiga kura mwezi uliofuata akasema anakwenda kuzungumza nao? Ilibidi Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, uanguke mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, ndipo wajumbe wake wakaketi na M23 kule Doha.

Najua yupo anayesubiri kunyoosha mkono aniulize kama nimeisahau Rwanda. Sijaisahau. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kwa kirefu habari za wanajeshi wake ndani ya Kongo, na M23 waliutwaa mji wa mpakani wa Bunagana Juni 2022, mwaka mmoja na nusu kabla ya kura. Uchaguzi haukuileta vita hii. Uliloondoa ni nafasi ya kurudi nyuma bila aibu, na msuluhishi asiye na nafasi hiyo hana cha kumpa mtu. Wala asiniambie mtu kwamba dawa ni kuahirisha uchaguzi. Joseph Kabila aliahirisha ule wa 2016 kwa miaka miwili, na vijana waliandamana wakapigwa risasi.

Kuhusu maeneo yasiyofikiwa nitakwenda haraka, maana mwenyekiti ameanza kutazama saa. Mwaka 2018 wakazi wa Beni, mashariki mwa Kongo, walioambiwa kwamba Ebola na usalama mdogo vinawazuia kupiga kura, waliandaa kura yao ya mfano, wakapanga foleni na kunawa mikono kabla ya kutumbukiza karatasi. Mwaka 2023 zamu ya kukosa ilikuwa ya Masisi na Rutshuru, wilaya zile zile za Kivu Kaskazini zinazopiganiwa, na mazungumzo kuhusu ardhi yao yakaendelea bila sauti yao waliyoichagua. Wakongo waishio ng'ambo walipigia kura katika nchi tano tu, zikiwamo Ubelgiji na Marekani; mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, hapa kwetu Kigoma, hakuwamo.

Nilikusudia kuzungumzia pia mjadala wa kubadili katiba, ambao Tshisekedi aliufungua mwenyewe Kisangani Oktoba 2024, lakini huo unataka mhadhara wake. Itoshe kusema kwamba kura inayofuata ni ya 2028, na kampeni zake hazitasubiri mwaka huo ufike. Wanaosuluhisha leo wangedai kwa maandishi, kabla majukwaa hayajajengwa, ni nani atakayeandikisha wapiga kura Masisi na Rutshuru, na chini ya ulinzi wa nani. Sasa nayakaribisha maswali, isipokuwa lile la nani atashinda.