Mgeni Anadai Kuna Kunguni na Wewe Una Shaka: Fanya Hivi, Hatua kwa Hatua

Habari zenu, na karibuni. Video ya leo ni ya ninyi mnaopangisha nyumba kwa siku chache, uwe uko Nyali, Diani, Paje au Masaki.

Ujumbe umeingia saa nne usiku: "Kuna kunguni kitandani. Nataka pesa zangu zote zirudi sasa hivi." Chini yake kuna picha moja, imepigwa karibu mno, unaona mdudu na kipande cha kitambaa cheupe basi. Mgeni huyu amelala hapo siku nne bila neno, na kesho anaondoka. Moyoni unasema hapa kuna mchezo.

Huenda upo. Lakini usiku huu usihangaike kuamua kama mgeni ni mwongo. Tafuta majibu ya maswali matatu: mdudu yupo? Ni mdudu gani? Na amekuwepo tangu lini? Ukiyapata hayo, ukweli wa mgeni utajulikana wenyewe. Ukianza kwa kumshutumu, utashindwa hata kama haki ni yako, kwa sababu watakaoamua, yaani huduma kwa wateja ya jukwaa alikowekea nafasi, hawakioni chumba chako, wanasoma mliyoandikiana.

Hatua ya kwanza: jibu haraka, na ujibu kwa maandishi. Kama aliweka nafasi kupitia Airbnb, lile jukwaa la mtandaoni la kupangisha nyumba, jibu humo humo kwenye Airbnb hata kama amekupigia simu. Ukishakata simu, mwandikie: "Kama tulivyoongea sasa hivi..." Mimi huandika hivi:

"Pole sana, na asante kwa kunijulisha. Jambo hili nalichukulia kwa uzito. Naomba unitumie video fupi: anzia mlangoni, nenda mpaka ulipomwona mdudu, kisha msogelee. Mdudu usimtupe, mfunike kwa glasi. Mtunza nyumba anaweza kuja kukagua sasa hivi au kesho saa mbili asubuhi, chagua inayokufaa. Kama hutaki kulala humo usiku huu, niambie nikutafutie pengine."

Ona nilichokiacha. Sijakiri, sijakana, wala sijaahidi pesa. Nimempa pole kwa sababu kama anasema kweli, ana usiku mgumu, na binadamu anastahili pole.

Hatua ya pili: itazame picha kwa utulivu. Ile shuka ni yako? Mimi hushona uzi wa kijani kwenye pindo la kila shuka na kila foronya, nikiuona kwenye picha najua tunazungumzia kitanda changu. Angalia vigae, rangi ya ukuta, chaga za kitanda. Halafu ipitishe picha kwenye Google Lens uone kama imeshatumika mahali pengine mtandaoni. WhatsApp hufuta taarifa za tarehe na mahali picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo kukosekana kwa taarifa hizo hakumaanishi kuna udanganyifu. Siku hizi picha za kutengenezwa na akili mnemba nazo zipo nyingi, ndiyo maana naomba video inayoanzia mlangoni. Video ya namna hiyo ni ngumu kughushi, na mgeni mkweli haimchukui hata dakika moja.

Hatua ya tatu ndiyo wengi wanayoiruka: mtambue mdudu. Sogeeni karibu na kamera.

Kunguni mkubwa ana urefu wa milimita 5 hivi, bapa, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, hana mabawa ya kurukia. Akishanyonya damu anavimba na kurefuka. Hapa pwani kunguni wa nchi za joto ndiye wa kawaida, na jina lake la kisayansi ni Cimex hemipterus. Kama kilichopo kwenye picha kinaruka, si kunguni.

Mvua zikianza, kumbikumbi hujaa kwenye taa na kudondosha mabawa kila mahali. Mgeni aliyetoka mbali akiona mabawa mia juu ya shuka anashtuka, na hajakosea kushtuka. Msimu huo huo hutokea yule mdudu mwembamba, mweusi kwa mwekundu, anayeitwa Nairobi fly. Huyu haumi. Ukimponda kwenye ngozi hutoa sumu, na kesho yake unaamka na mstari mwekundu unaowaka kama umeungua. Mgeni ataonyesha shingo na kusema ameliwa na kunguni, na maumivu yake ni ya kweli kabisa.

Mende nao wapo wa aina mbili zinazotuhusu. Yule mkubwa wa kahawia, mwenye kuruka, mara nyingi ametoka kwenye mabomba ya maji machafu na kupandia kwenye tundu la bafuni. Mmoja wa hao si ushahidi kwamba nyumba ni chafu. Weka wavu kwenye tundu, mwaga maji kwenye bomba ambalo halitumiki. Yule mdogo, wa sentimita moja na nusu hivi, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ni habari nyingine. Huyo anaishi jikoni, anazaliana nyuma ya friji, na kifuko chake kimoja hubeba mayai 30 mpaka 40. Ukimwona huyo kwenye video ya mgeni, acha kumtilia shaka mgeni, nenda kapekue jikoni kwako.

Na vinyesi: mgeni akituma picha ya punje nyeusi akasema ni za panya, kuza picha. Punje yenye ncha nyeupe ni ya mjusi. Ya panya haina weupe huo.

Kuhusu alama za kuumwa, nitalirudia hili kila nikiulizwa: alama peke yake haithibitishi chochote, upande wake wala wako. Mbu, usubi, viroboto na kunguni wote wanaacha vipele vinavyofanana. Tena kuna watu ambao alama ya kunguni huwatokea baada ya siku kadhaa, hata wiki mbili, kwa hiyo anaweza kuwa aliumwa alikolala kabla ya kuja kwako. Na wawili wakilala kitanda kimoja, mmoja anaweza kuota vipele na mwenzake asione kitu. Usimwambie mgeni "mbona mumeo hajaumwa?" Si hoja.

Hatua ya nne: ukaguzi. Uombe ruhusa kwa maandishi na usubiri ajibu. Usiingie kwa funguo yako mgeni akiwa ameenda ufukweni. Mgeni akikataa ukaguzi, akakataa kuhamishwa, na akataka pesa tu, tena kwa M-Pesa, hapo shaka yako ina msingi. Lakini tafakari kabla ya kuandika hivyo. Mwanamke anayesafiri peke yake ana kila sababu ya kukataa mwanamume asiyemjua aingie chumbani saa tano usiku. Mpe nafasi ya asubuhi, na umtume dada anayefanya usafi. Akikataa na hilo, andika: "Nimeomba kukagua usiku huu, na nimeomba tena kesho asubuhi, umekataa mara zote mbili." Basi, usiongeze neno.

Ukiruhusiwa, chukua tochi, kadi ngumu ya plastiki, selotepu, na mfuko wa zipu. Washa kamera ya simu kabla ya kufungua mlango na usiikate mpaka utoke. Mgeni awepo, ila urekodi kitanda, usimrekodi yeye.

Anza na godoro. Vua shuka taratibu, usikung'ute. Angalia hapa kwenye mshono wa pembeni: unapitisha kadi ndani ya mshono kuanzia kona hii mpaka ile, tochi ikimulika kwa ubavu. Unatafuta vitu vinne: kunguni hai, magamba yake ya rangi ya asali, mayai meupe ya milimita 1, na vidoa vyeusi. Hivi vidoa msivipite. Chovya kitambaa cheupe kwenye maji, gusa kidoa, vuta. Kikiacha mchirizi wa kahawia inayoelekea wekundu, hicho ni kinyesi cha kunguni, maana ni damu iliyosagwa. Kisipoacha kitu, huenda ni wino au ukungu.

Halafu kitanda chenyewe. Toa chaga moja moja utazame ncha zake, zile zinazokaa kwenye fremu. Tazama matundu ya skrubu na sehemu tendegu linapoungana na ubao. Wenye vitanda vya Kiswahili vya nakshi, mna kazi ya ziada: kila uwazi nyuma ya nakshi ni nyumba ya kunguni. Chandarua kishusheni, mkague mshono wa juu kwenye pete, watu husahau hapo. Kisha ubao wa kichwani na nyuma yake ukutani.

Kila unachokipata, kinase kwa selotepu, kiweke kwenye mfuko, andika tarehe na saa kwa kalamu ya wino mzito. Usipopata kitu, hiyo nayo ni taarifa, video yako imeonyesha.

Hatua ya tano: soma umri wa ulichokipata. Yai la kunguni huanguliwa baada ya siku 6 mpaka 10 hivi, na mtoto hubadilisha gamba mara tano kabla hajakomaa, kila mara akihitaji damu kwanza. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Basi ukikuta magamba ya ukubwa tofauti, mayai yaliyopasuka na madoa mengi nyuma ya ubao, na mgeni alifika juzi, hao kunguni ni wako. Mrudishie pesa yake yote, msaidie kupata pa kulala usiku huo huo, mwambie namna ya kufua nguo zake. Usibishane hata kidogo. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimeona wenyeji wenzangu wakiita kila mgeni tapeli, na wengine wao kitanda kimeoza.

Ukikuta kunguni mmoja hai juu ya mto, na godoro, chaga, chandarua vyote ni safi, inawezekana ameingia na mzigo. Hata hapo usimwambie "umeleta wewe". Wapo wanaobeba bila kujua. Mwambie ulichokiona na usichokiona, mpe chumba kingine, na uendelee na utaratibu.

Hapa ndipo kumbukumbu zako za nyuma zinaposaidia. Kila mgeni anapoondoka, anayefanya usafi apige video ya dakika moja ya mishono ya godoro na chini ya sinki. Weka mtego wa gundi nyuma ya friji na chini ya kitanda, uandike tarehe juu yake, ubadilishe kila mwezi. Mtego wa mwezi mzima uliokaa bila mende ni shahidi mzuri kuliko maneno yako. Lakini kamera ndani ya nyumba usiweke. Airbnb ilizipiga marufuku kabisa kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, na hata ingeruhusu, chumba cha kulala cha mtu si mahali pake.

Hatua ya sita: jukwaa na pesa. Kwa kanuni za Airbnb, mgeni anatakiwa kuripoti tatizo ndani ya saa 72 tangu aligundue. Kwa hiyo muulize bila ukali: "Ulimwona kwa mara ya kwanza lini?" Jibu lake libaki kwenye maandishi. Wapigie huduma kwa wateja wewe kwanza, usingoje wakutafute, na uwatumie mfuatano: saa ya ujumbe, ulichojibu, ulichopendekeza, video ya ukaguzi. Akikuandikia "nipe nusu ya pesa la sivyo nakuwekea nyota moja", piga skrinishoti mara moja, kwani kutumia maoni kama kitisho ni kosa kwa kanuni zao, na maoni ya namna hiyo unaweza kuomba yaondolewe. Usimlipe pembeni ili yaishe. Ukishatuma kwa simu, hakuna anayekulinda.

Wale mnaopokea wageni moja kwa moja kwa WhatsApp, wekeni masharti haya kwenye ujumbe wa kuthibitisha nafasi: mgeni aripoti siku hiyo hiyo, aruhusu ukaguzi, apewe chumba kingine au pesa ya usiku uliobaki kulingana na matokeo.

Na nawaomba sana: msirushe picha ya pasipoti au kitambulisho cha mgeni kwenye magrupu ya wenyeji mkiandika "jihadharini na huyu". Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kitambulisho alikupa kwa ajili ya malazi tu.

Hatua ya saba: mgeni akishaondoka, funga kalenda. Usipulizie dawa ya kopo kabla mtaalamu hajaona, utawatawanya kunguni na kuharibu ushahidi. Mwite mpiga dawa mwenye leseni. Kwa Kenya uliza kama ana kibali cha PCPB, bodi ya serikali inayosimamia viuatilifu. Mwombe ripoti ya maandishi, hata kama hakukuta kitu. Shuka, foronya na kava la godoro fua kwa maji ya nyuzi 60. Kama kunguni walikuwepo, mpiga dawa arudi baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu mayai mengi hupona dawa ya kwanza. Akishakagua mara hiyo ya pili na kukuandikia kwamba ni safi, fungua kalenda.