Katamarani au yoti ya mkuku: uliza kwanza utarudi lini

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya mabaharia, mafundi wa vyombo na watu wanaofikiria kununua chombo cha kusafiria na kuishi baharini. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Asanteni. Waliosimama mlangoni wasogee, viti vipo huku mbele. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila anayetaka chombo cha safari ndefu huniuliza hata kabla hatujamaliza kusalimiana: achukue katamarani, yaani chombo cha miili miwili, au achukue yoti ya mwili mmoja yenye mkuku, yaani ule uti mzito wa chini? Mimi kazi yangu ni kupeleka vyombo vya watu kutoka bandari hii hadi ile, na vya aina zote mbili vimenilaza macho.

Swali hili hatukuletewa na wageni. Ukitoka hapa ukaenda ufukweni utalikuta limelala mchangani. Mashua ina mwili mmoja, na ikiwa tupu nahodha haipandishii tanga kubwa mpaka atie farumi, mawe au mchanga, ili isilale. Ngalawa haina farumi hata kilo moja. Imejitanua kwa matengo mawili, yaani mbao za kuelea za pembeni, na upana ule ndio uzima wake. Watafiti wengi huihusisha na wale watu wa visiwa vya Asia ya kusini-mashariki waliovuka bahari hii wakafika Madagascar na Komoro. Na neno lenyewe katamarani asili yake ni Kitamil, maana yake magogo yaliyofungwa pamoja. Kwa hiyo mvuvi wetu wa ngalawa na tajiri wa katamarani ya Ufaransa wanaitegemea kanuni moja: usizame chini kutafuta uzito, jitanue.

Sasa tuingie kwenye kanuni hiyo, maana ndipo watu wanapopotezwa na picha za matangazo.

Yoti ya mwili mmoja imebeba mkukuni madini ya risasi au chuma, mara nyingi theluthi ya uzito wote au zaidi. Upepo ukiisukuma inalala. Ikilala, tanga linamwaga upepo na mkuku unazidi kuvuta chini. Kadiri inavyolala, hadi pembe kubwa, ndivyo inavyozidi kukataa kulala. Yoti ya bahari kuu iliyojengwa sawasawa unaweza kuilaza hadi mlingoti uguse maji, na ukiiachia inainuka. Bei yake ni kwamba wewe ndani unaishi kwenye ukuta. Unapika ukiwa umefungwa mkanda kiunoni, na unalala umejibanza kwenye pembe kama gunia.

Katamarani hailali. Upana wake kwa chombo cha mita 12 ni kama mita 6 na nusu hadi 7, na ule wa yoti ya urefu huohuo ni kama mita 4. Mwanzoni inakataa kuinama kwa nguvu kubwa kuliko yoti ya urefu huohuo. Lakini nguvu ile inafika kileleni mapema, kama digrii 10 hivi, pale mwili wa upande wa joshi, unakotoka upepo, unapoachana na maji. Kuanzia hapo inapungua. Ikishapinduka imetulia hivyo hivyo, miguu juu, na hakuna mkuku wa kuirudisha.

Msiogope, sijamaliza. Kwa kuwa haina risasi, katamarani nyingi zikipinduka hazizami. Zinaelea kama jukwaa. Mwezi Machi 1978 ule mtumbwi mkubwa wa miili miwili wa Hawaii, Hōkūleʻa, uliokuwa umefika Tahiti mwaka 1976 bila dira, ulipinduka usiku karibu na kisiwa cha Molokai. Eddie Aikau, mwokoaji mashuhuri wa ufukweni kule, aliondoka na ubao wake wa kuteleza mawimbini kwenda kuita msaada. Hakuonekana tena. Waliobaki wameshikilia chombo kilichopinduka waliokolewa. Mwaka uliofuata, Agosti 1979, katika mashindano ya Fastnet kusini mwa Ireland na Uingereza, zilianza yoti 303, zikapigwa na dhoruba, wakafa wanamashindano 15. Baadhi ya yoti ziliachwa na watu wake waliokimbilia kwenye maboti ya mpira ya kujiokolea, na dhoruba ilipopita zikakutwa bado zinaelea. Aina mbili tofauti, neno moja: usikiache chombo mpaka chombo kikuache.

Lakini tofauti ninayotaka mwondoke nayo leo ni nyingine. Yoti ya mwili mmoja husema. Katamarani hunyamaza.

Niwape kisa. Tulikuwa tunatoka Pemba kwenda Kilifi, Agosti, kusi iko mgongoni. Katamarani ya mita 13, mwenyewe amekaa mezani na glasi yake ya chai ya tangawizi, glasi ya kawaida, haina kifuniko. Chombo kinakimbia noti 8, yaani maili 8 za baharini kwa saa. Mimi usukanini nasikia upepo wa noti 17 hivi shingoni, mzuri kabisa. Ile chai haikutikisika. Halafu nikasikia mtambo wa kuendesha usukani wenyewe unaanza kulalamika, mlio mwembamba kama mbu, unapigana na chombo kisichotaka kwenda sawa. Nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya nusu saa kabla: 17 ninazozisikia, ongeza 8 tunazokimbia nazo, upepo wa kweli ni noti 25. Ili nipunguze tanga kubwa itabidi nigeukie upepo, na nikigeuka zile 25 zote zitakuwa usoni pamoja na mwendo wetu. Tulipogeuka, glasi ilitoka mezani ikavunjika ukutani, na yule bwana akaniuliza, "Kapteni, dhoruba imetoka wapi?" Haikutoka popote. Tulikuwa nayo tangu Chake, kule Pemba.

Kwenye yoti ya mwili mmoja angeijua zamani, maana chai ingekuwa mapajani mwake. Ndiyo maana nahodha wa katamarani hapunguzi tanga kwa kuhisi, anapunguza kwa namba. Anaandika karatasi anaibandika usukanini: upepo fulani, tanga kiasi fulani, mchana na usiku, na anahesabia ule upepo wa dharuba, si wa wastani. Nguvu ya upepo haiongezeki taratibu. Ukitoka noti 15 ukafika 21, msukumo kwenye tanga umekaribia kuwa mara mbili. Yoti inailegeza nguvu hiyo kwa kulala. Katamarani haina pa kuipeleka, inaishia kwenye nyaya za mlingoti.

Mvuvi wa ngalawa, tukimwangalia vizuri, yuko katikati yao. Tengo la chini likianza kuchimba maji yeye haangalii namba. Anaona povu linavyobadilika, na mkono tayari umeshalegeza demani, ile kamba ya tanga. Chombo chake ni cha kupanuka, lakini kinasema. Mwingereza James Wharram, aliyevuka Atlantiki na wanawake wawili wa Kijerumani katika katamarani ya futi 23 na nusu kati ya 1955 na 1956, baadaye alifunga miili ya vyombo vyake kwa kamba ili viungo vicheze kidogo badala ya kuvunjika. Fundi wa ngalawa angemwelewa bila mkalimani.

Haya, uzito. Hapa nitapita haraka, ila msipuuze. Maji lita 600 ni kilo 600. Dizeli lita 400 ni kama kilo 340. Mnyororo wa nanga wa milimita 10, mita 60, ni karibu kilo 140. Bado betri, boti ya mpira na injini yake, mashine ya kusafisha maji, mchele, na ile jokofu ya pili ambayo mama watoto amesema lazima. Yoti inabeba mzigo huo inashuka kidogo tu. Katamarani ukiijaza inapoteza kila ulichoilipia: mbio zinakwisha, na ile sakafu inayounganisha miili miwili inakaribia maji. Na nafasi ilivyo kubwa, mkono unajaza tu. Nimewahi kukuta piano. Ndogo, lakini piano.

Kina cha maji ndiko katamarani inakonipata mimi. Nyingi zinahitaji mita 1.2 au karibu na hapo, yoti ya urefu uleule inataka 1.8 hadi 2.1. Kwenye pwani yenye bamvua, yaani kupwa na kujaa kukubwa, la mita 4, tofauti ile ni nyumba na kaburi. Tuliwahi kupwelewa na yoti karibu na Mafia, maji yanatoka. Saa ya kwanza ilikuwa utani. Saa ya tatu tumetembea kwenye kabati kama sakafu, mafuta ya taa yanadondoka kutoka kwenye jiko kuingia kwenye unga, na mmoja wetu yuko nje anasukumizia matandiko chini ya ubavu ili mwamba usiutoboe. Miaka baadaye nikafika sehemu ileile na katamarani, tukapwelewa kwa makusudi. Ikakaa wima juu ya mchanga. Watoto wakashuka kuokota simbi, sisi tukapiga rangi chini.

Kwenye gharama za kuegesha sitakaa. Ulaya bandari nyingi huitoza katamarani zaidi kwa ajili ya upana wake, na huko inauma. Huku kwetu mara nyingi unatia nanga au unakodi boya, basi.

Niende kwenye kubisha, yaani kusafiri upepo ukiwa usoni, ndiko mzozo uliko. Mwaka mmoja, Julai, nilipewa katamarani niitoe Kilifi niilete Dar. Wote mnaojua bahari hii mmeshacheka. Kusi usoni, na mkondo wa pwani unaokwenda kaskazini ambao kwenye kusi unaweza kufika noti 4. Mwenye chombo yuko ng'ambo, ana tarehe. Tulibisha. Chombo kinasonga noti 6 majini, ramani inasema tumesogea noti 2 na nusu, tena mshazari, kwa sababu ile mikuku mifupi ya katamarani haishiki maji kama mkuku mrefu. Na usiku ndipo mawimbi yalipoanza kupiga chini ya sakafu. Hakuna mtu anayekuonyesha hilo kwenye maonyesho ya vyombo. Ni ngoma. Unalala, mtu anapiga rungu chini ya godoro, sahani zinaruka kabatini, unangoja la pili halipigi, ukifumba macho linapiga. Usiku wa pili tukaingia hapa Tanga, tukatia nanga, nikampigia mwenyewe simu nikamwambia tarehe yake imekufa. Tulikaa siku tisa tukingoja upepo ulegee.

Yoti nzuri ya mwili mmoja ingefika. Imechoka, imelowa, watu wametapika, lakini ingefika, kwa sababu inakata upepo kwa ukali zaidi na haina sakafu ya kupigwa. Wazee wetu wangesema wote wawili hatuna akili. Wao walikwenda Arabuni na kusi na wakarudi na kaskazi. Hawakuwa na chombo cha kubishana na msimu, na hawakukitaka. Walikuwa na miezi.

Basi mimi mtu akiniuliza achukue chombo gani, sianzi na chombo. Namuuliza ana miezi au ana wiki. Mwenye miezi anaweza kungoja, kwa hiyo atakuwa na upepo mgongoni karibu siku zote, na kwa upepo wa mgongoni au wa ubavuni sijaona kilicho kizuri kuliko katamarani isiyojazwa. Mwenye tarehe ya kurudi, siku moja tarehe itamlazimisha abishe, na siku hiyo atautaka mkuku.

Nadhani muda umekwisha. Maswali? Mama yule pale, mwenye mtandio wa bluu.

(Mama mmoja aliuliza: yeye na mumewe ni walimu, wana watoto wawili, wamekaribia kununua katamarani, wanataka kwenda Komoro na Nosy Be, kisiwa cha Madagascar, likizo ya Desemba. Je, wamekosea?)

Mama, shikamoo ya walimu kwanza. Shule zinafunguliwa lini? Januari. Sasa nifuate. Desemba kaskazi imeanza, utashuka kusini raha mustarehe, watoto wanacheza karata. Januari unataka kurudi, kaskazi ileile iko usoni, tena huko Madagascar ni msimu wa vimbunga. Ukisema basi twende likizo ya Juni, utageuza: kwenda ni kubisha, kurudi ni raha. Likizo moja haina pepo mbili.

(Mumewe akasema watakiacha chombo kule, warudi kwa ndege.)

Kwenye msimu wa vimbunga, bwana? Waulize wa bima kwanza, kisha unieleze walivyocheka. Chombo mmechagua vizuri, kwa watoto ni kizuri sana. Kipelekeni Mafia. Desemba mtashuka na kaskazi, na kurudi, hata upepo ukiwa usoni, mkondo bado unakwenda kaskazini, mtakuja mkivizia asubuhi zilizotulia na injini zenu mbili. Ila mkondo ukikutana na upepo mawimbi yanasimama, kwa hiyo upepo ukipanda mtaingia nyuma ya mwamba mngoje.

(Mama: Na Nosy Be?)

Nosy Be mtakwenda mkistaafu.