Aliyekaa Sana Chooni

Ndugu wasikilizaji, mniwie radhi: mhadhara wa leo unaanzia chooni.

Siku ya Krismasi ya mwaka 2009, kijana wa Kinigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alikuwa kwenye ndege ya shirika la Northwest, safari namba 253, kutoka Amsterdam kwenda Detroit. Safari ilipokaribia mwisho aliingia chooni, akakaa kama dakika 20. Akarudi kitini, akajifunika blanketi, akajaribu kuwasha kilipuzi alichokuwa amekificha kwenye chupi. Hakikulipuka. Kiliwaka moto tu, kikamuunguza mwenyewe. Abiria wakamrukia, moto ukazimwa, ndege ikatua.

Siku mbili baadaye, safari ileile, namba ileile, mji uleule. Mnigeria mwingine akaingia chooni, akakaa muda mrefu, na alipotakiwa atoke akawa mkali. Rubani akatangaza dharura. Ndege ilipotua ikapelekwa pembeni kabisa ya uwanja na mizigo ikakaguliwa upya. Ikaja kubainika kwamba yule bwana ni mfanyabiashara, na tumbo lilikuwa limemvuruga. Basi. Nani kati yetu hajawahi kuwa mkali akigongewa mlango katika hali ile?

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii nimeisikia mara nyingi ikitumika kufunga mjadala: watu wameumwa, waacheni washtuke. Sina ugomvi na kushtuka, hata mimi hushtuka. Swali langu ni la kinachofuata. Mtu njiani akishtushwa na unyasi hutazama vizuri, akaona ni unyasi, akaendelea na safari. Kwenye ndege hakuna aliyepewa kazi ya kutazama vizuri. Na unyasi wenyewe ni mtu mwenye tiketi.

Baada ya Krismasi ile ikatoka amri kwa ndege zinazoelekea Marekani: katika saa ya mwisho ya safari abiria asiinuke kitini, wala asiwe na kitu mapajani. Haikuchukua siku nyingi ikalegezwa, na si ajabu, maana kibofu hakisomi amri. Lakini oneni fikra iliyokuwa nyuma yake. Mshambuliaji alifanya jambo lake saa ya mwisho, kwa hiyo saa ya mwisho ikawa ndiyo mshukiwa. Angeanza saa ya pili, tungekatazwa saa ya pili.

Sasa twende tarehe 11 Septemba 2011, miaka kumi kamili tangu yale mashambulizi ya New York na Washington. Ndege ya shirika la Frontier inatoka Denver kwenda Detroit. Kwenye safu moja wamekaa watu watatu: wanaume wawili wa asili ya Kihindi, na mwanamke Mmarekani ambaye baba yake ana asili ya Kiarabu. Hawajuani. Wanaume wale wanakwenda chooni, mmoja anakawia kwa sababu anaumwa. Mwanamke hainuki kitini safari nzima.

Ndege za kivita aina ya F-16 zikarushwa kuisindikiza ile ndege. Ilipotua, maofisa wenye silaha wakaingia, wakawatia pingu wote watatu. Wakavuliwa nguo na kupekuliwa, wakawekwa mahabusu kwa saa kadhaa, kisha wakaachiwa bila shitaka lolote. Mwanamke yule alifungua kesi, na mwaka 2015 ikamalizwa kwa malipo ya dola 40,000. Kosa lake, tukitaka kulitafuta kwa tochi, lilikuwa kukatiwa kiti kando ya mtu mwenye tumbo bovu, akiwa na sura iliyompendeza mwenye kutafuta mshukiwa.

Nimelifikiria tukio hili kwa miaka, na kila nikilirudia simuoni mtu mmoja mwovu. Naona ngazi. Mtu anaona jambo na kumwambia mhudumu. Mhudumu hana uhakika, anampigia rubani. Rubani naye yuko nyuma ya mlango wa chuma. Milango ile iliimarishwa baada ya 2001, na ninaiunga mkono kwa mikono miwili, lakini tukubali kilichopotea: rubani haoni tena nyuso za abiria wake. Anachokijua ni kile alichoambiwa kwa simu ya ndani. Naye anapeleka chini, shirika linapeleka kwa vyombo vya usalama, vyombo vya usalama vinapeleka jeshini. Kila hatua taarifa inakuwa fupi zaidi na nzito zaidi. Kwenye ngazi ya kwanza ni "jamaa anaonekana mgonjwa, amekaa sana chooni". Ngazi ya tatu ni "vitendo vya kutia shaka". Inapomfikia rubani wa ndege ya kivita, tumbo limeshatoka kwenye taarifa.

Na kila aliye kwenye ngazi anajiuliza swali moja: nikinyamaza halafu ikawa kweli? Hakuna anayejiuliza: nikipiga kelele halafu ikawa si kweli? Hajiulizi kwa sababu jibu la pili halimgusi. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963, unaohusu makosa yanayotendeka ndani ya ndege, unampa rubani mamlaka ya kumzuia abiria na kumshusha akiwa na sababu za msingi. Kifungu cha 10 kinaongeza kwamba hatua zikichukuliwa kwa mujibu wa mkataba, rubani, mhudumu, hata abiria aliyesaidia, hawatawajibishwa kwa yaliyompata mtu yule. Siulaumu mkataba. Rubani hawezi kuendesha ndege huku akimuogopa wakili. Lakini mizani yenye bakuli moja haipimi kitu.

Mtaniambia: tahadhari kabla ya hatari. Haya, tuihesabu hiyo tahadhari. Marekani peke yake inakagua abiria zaidi ya milioni 2 kwa siku. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba tuna mlinzi mwenye macho ya ajabu, ambaye katika kila abiria 1,000 wasio na hatia anamshuku mmoja tu kimakosa. Huyo ni hodari kupita walinzi wote niliowahi kukutana nao. Kwa siku atatuletea watu 2,000. Wenye bomu kati yao? Siku karibu zote, hakuna hata mmoja.

Na macho yetu si ya ajabu hata kidogo. Mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, ilikuwa na mpango wa maofisa wa kusoma tabia za abiria viwanjani, uliokula kama dola milioni 900 kuanzia 2007. Mwaka 2013 wakaguzi wa serikali, GAO, walipitia matokeo ya tafiti zaidi ya 400 na kukuta kwamba uwezo wa binadamu wa kutambua udanganyifu kwa kutazama tabia ni sawa na kubahatisha, au umezidi kidogo tu. Orodha ya dalili ilipovuja mwaka 2015, watu walisoma mambo kama kupiga miayo kupita kiasi, kusafisha koo mara kwa mara, kupiga mluzi ukikaribia ukaguzi, na kulalamikia ukaguzi wenyewe. Hilo la mwisho, nadhani, linatuweka wengi wetu ndani.

Niseme na langu. Safari moja ya usiku nilikaa kando ya mzee aliyekuwa akitokwa na jasho ilhali kulikuwa na baridi. Midomo inacheza bila sauti, mkono mmoja uko mfukoni na hautoki. Mimi ninayewahutubia leo nilihesabu safu za viti kutoka pale hadi mlangoni. Magurudumu yalipogusa ardhi akautoa mkono: tasbihi. Akanitazama akacheka, akaniambia, "Mwanangu, hii ndege yako imenitesa." Alikuwa anaogopa kuruka, ndiyo hadithi yote. Nikakumbuka kwamba mwili wa mtu mwoga na mwili wa mtu mwenye jambo la kuficha hutoa jasho lilelile.

Richard Reid je, mtu wa bomu la kiatu? Huyu anatajwa kila mara kama ushahidi kwamba kushuku kunasaidia. Tumtazame. Tarehe 21 Desemba 2001, kwenye uwanja wa Paris, walimshuku kwa muonekano wake. Polisi wakamhoji, ndege ikamwacha. Hawakupata kitu, na kesho yake akapanda kwenda Miami akiwa na kilipuzi chake viatuni. Shaka juu ya muonekano ilimkamata na ikamwachia. Kilichookoa ndege ile ni pua ya mhudumu. Alisikia harufu ya kiberiti, akaifuata kitini hadi kitini, akamkuta. Akamkanya kwanza, akidhani anataka kuvuta sigara. Aliporudi akamkuta ameinama, ana kiatu chenye utambi na njiti inawaka. Hapo hapakuwa na haja ya kusoma tabia. Abiria walimfunga kwa mikanda na nyaya za visikilizio, na ndege ikaenda kutua Boston.

Njiti ni tendo. Jasho si tendo, wala lugha si tendo. Aprili 2016 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley alishushwa kwenye ndege Los Angeles kwa sababu alimaliza simu na mjomba wake kwa neno "inshallah", na jirani yake akalisikia. Neno ambalo sisi hulisema hata tukiahidi kurudisha sufuria! Mwezi uliofuata, huko Philadelphia, profesa wa uchumi alitolewa kitini ahojiwe kwa kuwa aliyekaa naye aliona maandishi asiyoyaelewa kwenye karatasi yake. Yalikuwa hesabu.

Kuna kesi ngumu zaidi, nisizikwepe. Agosti 2006, ndege ya kutoka Amsterdam kwenda Mumbai ilirudishwa ikisindikizwa na F-16 mbili za Uholanzi, na Wahindi 12 wakakamatwa. Hawa walikuwa wamevunja sheria kweli: walichezea simu na kuinuka wakati wa kupaa, mikanda haijafungwa. Lakini shirika la usafiri wa anga duniani, ICAO, limepanga ukorofi wa abiria katika ngazi nne, kuanzia ubishi wa maneno hadi kujaribu kuingia chumba cha marubani. Aliyekataa mkanda anasimama ngazi ya chini. Wale 12 waliachiwa kesho yake.

Bei kubwa kuliko zote ililipwa Miami, Desemba 2005. Mwanamume mgonjwa wa akili, ambaye hakuwa ametumia dawa zake, alitoka mbio ndani ya ndege iliyokuwa bado langoni, mkewe akimfuata huku akisema mume wangu anaumwa. Walinzi wa siri wa ndege walisema alidai ana bomu. Baadhi ya abiria walisema hawakulisikia neno hilo. Wakampiga risasi, akafa. Hapakuwa na bomu. Sisemi walinzi wale walikuwa na dakika nzima ya kufikiri. Nasema kulikuwa na mtu mmoja pale aliyejua jibu, na alikuwa akilitoa kwa sauti.

Ninachopendekeza ni kidogo. Mhudumu apewe, kwa maandishi, haki ya kuuliza na haki ya kufunga jambo. Agonge mlango wa choo, aseme, "Samahani, uko salama humo? Nikuletee maji?" Akijibiwa na mgonjwa, aandike "mgonjwa, amepewa maji", na karatasi ile imlinde siku yoyote atakayoulizwa kwa nini hakumpigia rubani. Wahudumu niliozungumza nao wanasema kuuliza wanaweza, wamekuwa wakiuliza miaka yote. Karatasi ndiyo hawana.

Naona mkono umenyooshwa kule nyuma tangu nilipomtaja mzee wa tasbihi. Karibu, mama, uliza.