Kilometa Moja ya Roli

Mhadhara uliotolewa Ngamiani, Tanga, mbele ya madereva, matingo na wenye magari makubwa. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Asalaam aleikum. Hamjambo wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha. Nimemwomba dereva mmoja anayetoka Segera asubuhi hii apitie hapa kabla hajaenda kushusha mzigo. Akifika mtasikia honi. Mpaka hapo niazimeni masikio.

Mimi ni fundi wa dizeli. Katika maisha yangu yote ya gereji hakuna swali nililoulizwa kama hili: "Fundi, gari hili mbona linakunywa?" Nami nilijibu kama wajibuvyo mafundi wengi: "Mzee wangu, hili ni likubwa." Swali likaisha, tukahamia kwenye bei ya nozeli, vile vinyunyizio vya mafuta ndani ya injini. Leo nimekuja kulifuta jibu langu, maana limewalia watu fedha.

Tupige hesabu. Chukua gari dogo, IST, inayokwenda kilometa 12 kwa lita. Ikitembea kilometa 12,000 imekunywa lita 1,000. Fundi hodari akaihangaikia mpaka ikafika kilometa 18 kwa lita, na si kazi ndogo. Sasa inakunywa lita 667. Kaokoa lita 333, tumpigie makofi. Haya, chukua roli linalokwenda kilometa 3 kwa lita, umbali uleule. Limekunywa lita 4,000. Lipandishe lifike 4. Lita 3,000. Umeokoa lita 1,000, ambayo ni mafuta yote ya ile IST, na IST yenyewe hatujaigusa.

Najua kutoka 3 kwenda 4 si mchezo. Basi pata robo tu, 3 na robo. Hapo pia lita 300 na ushei zimebaki mfukoni, karibu sawa na miujiza yote ya yule fundi wa IST. Na roli gani linalotembea kilometa 12,000 kwa mwaka? Wengine humu mnazimaliza kabla mwezi haujaandama mara mbili. Ule ukubwa tuliokuwa tunautolea udhuru, kumbe ndio unaotutaka tuhangaike.

EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Tanga tuna bei zetu mle, pamoja na Dar es Salaam na Mtwara, kwa kuwa meli za mafuta zinashusha hapa. Bei ile utaisoma tu, utaguna, utalipa. Sisi tuzungumze habari ya lita.

Kifaa cha kwanza ni daftari. Jaza tangi mpaka bomba la sheli lijikate lenyewe, andika kilometa. Tembea. Rudi sheli ileile, pampu ileile kama inawezekana, jaza vilevile mpaka ijikate, andika lita na kilometa. Gawanya. Fanya hivyo mara tatu au nne, kwa sababu ujazo mmoja husema uongo: gari likiinama kidogo upande, lita kadhaa zinapotea kwenye hesabu. Andika pia mzigo na njia. Mshale wa tangi usiutegemee, ule ni wa kukutisha tu.

Mliobadilisha tairi mkaweka kubwa kuliko za kiwandani, hesabu yenu ina shimo. Tairi likiwa kubwa kwa kipenyo asilimia 10, gari likisema limetembea kilometa 100 limetembea 110. Utadhani linakunywa kuliko linavyokunywa. Linakunywa zaidi kweli, maana tairi zile ni nzito, lakini pima kwanza ndipo ulalamike.

Daftari lina na tabia nyingine, nayo naisema nikiwa karibu na mlango. (Kicheko.) Niliwahi kuletewa Fuso, mwenyewe anaapa linakunywa kama ngamia. Nikapima nozeli, nikapima pampu, nikaangalia breki. Vyote vizima. Daftari lilipoanza kuandikwa tukaona kiu inalishika zile safari za kulala njiani tu. Sikuandika kitu kwenye ankara. Tundu lile haliingii spana.

Msicheke sana, wenye magari, maana nanyi mna lenu. Mnampa dereva mafuta ya hesabu ya njia ya tambarare, kisha mnamtuma Lushoto. Mombo iko kama mita 400 juu ya bahari, Lushoto kama 1,400. Roli lenye uzito wa tani 10, mzigo na gari lenyewe, unalinyanyua mita 1,000. Kulinyanyua tu, bila upepo, bila tairi, ni karibu lita 8 za dizeli kwa injini nzima isiyo na kasoro. Kila tani unayoongeza, lita 0.8 nyingine. Hiyo haipunguzwi na dereva mwema wala fundi mwema. Aliyepangiwa lita za Muheza akapandishwa Soni amekwishaitwa mwizi kabla hajatia ufunguo.

Na ndani ya uzito huo kuna usiolipiwa na mteja. Fungueni masanduku ya zana: minyororo ya kuvutia gari lililouzwa zamani, jeki mbili moja imekufa, tairi la akiba lililopasuka. Kilo 300 za takataka, kila upandapo Lushoto unazilipia karibu robo lita.

Kuna mkono kule. Sema, kijana.

Anauliza: kushuka je? Wao wakishuka wanaweka free, yaani wanatoa gia, injini inanguruma polepole, mafuta hayaliwi.

Ahsante kwa kuuliza mbele za watu, maana wanaofanya hivyo ni wengi na wamenyamaza. Gari likiwa kwenye gia, ukanyanyua mguu, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Injini za kompyuta hapo hukata mafuta kabisa. Hata pampu ya zamani ya chuma, gavana yake, kile kidhibiti cha mafuta, huyafunga. Ukiweka free, injini haina wa kuizungusha, inabidi iunguze mafuta ili isizime. Umelipia mafuta ili uondoe breki ya injini, ukabaki na breki za miguu peke yake kwenye kona za Soni, nazo zikipata moto hazishiki. Mzee hapa mbele anatikisa kichwa. Naona anayo hadithi yake, tutamsikia baadaye.

Sasa niende penye mafuta mengi zaidi, mguu wa kulia. Roli la tani 30 likiwa kwenye mwendo wa 80, limebeba nguvu ambayo ulishailipia. Ukilisimamisha kwa breki, nguvu ile yote inageuka joto la drumu. Ukilirudisha tena kwenye 80, umetumia zaidi ya nusu lita. Mara moja tu hiyo. Hesabu matuta ya vijijini kati ya hapa na Segera, hesabu vituo vya daladala, hesabu trafiki. Dereva anayeliona tuta mita 300 mbele akanyanyua mguu, akaliacha roli lijipunguze lenyewe kwenye gia, akalivuka polepole bila kusimama kabisa, na yule anayelifuata tuta kwa moto kisha akalikanyagia breki hapo hapo, watafika pamoja. Lakini wa pili ameacha chupa za dizeli barabarani, moja kila tuta. Nikipanda roli la mtu sisikilizi injini kwanza. Nasikiliza breki: zikilia mara nyingi, najua daftari lake litasomaje.

Mwendo nao. Roli lolote la zaidi ya kilo 3,500 sheria inalitaka 80, basi hapo nasema zaidi na nyinyi wa Prado na Land Cruiser. Upepo unaoukata hauongezeki sawa na mwendo. Kutoka 80 kwenda 100, upinzani wa hewa unapanda kwa zaidi ya nusu, asilimia 56. Na gari lako limesimama kama kabati. Kilometa 70 za kwenda Segera kwa 100 badala ya 80 zinakupa dakika kumi na nusu, ambazo unazimaliza Muheza ukipatana bei ya machungwa.

Nimesema kabati. Juu ya kabati mnaweka keria, juu ya keria madumu, ngazi, na tairi. Idara ya nishati ya Marekani imeandika kwamba sanduku kubwa juu ya paa, kwenye barabara kuu, hula kati ya asilimia 6 na 17 ya umbali unaoupata kwa lita. Namfahamu bwana mmoja mwenye keria ya kwenda Serengeti, na gari lake pori la mbali kuliko yote lililowahi kuona ni Raskazone, hapa hapa mjini. (Kicheko.) Keria hufunguliwa kwa spana ya 13, jamani. Na wenye four-wheel, loki za magurudumu ya mbele, kama gari lako ni la kufunga kwa mkono, zifungue ukiwa kwenye lami.

Nikiri jambo. Nilipokuwa kijana wa kushika taa, gari likiletwa linachemsha, cha kwanza tuling'oa temostati tukaitupa. Tulifundishwa hivyo: kitu hicho ni cha nchi za baridi. Gari likaacha kuchemsha, mwenyewe akashukuru, tukala. Hakuna aliyeuliza lilichemsha kwa nini: rejeta imeziba, mkanda wa feni umelegea, pampu ya maji imechoka. Kazi ya temostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, nyuzi 80 hadi 90 hivi. Ukiing'oa, injini inatembea baridi. Oili inabaki nzito, mafuta hayaungui yakaisha, na injini yenye kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inajiongezea mafuta safari nzima. Jua la Tanga la nyuzi 32 si kitu kwa chuma kinachotaka 85. Ukiona mshale wa joto umelala chini mchana kutwa, usifurahi. Nenda kaulize temostati yako iko wapi. Nyingine nilizitupa mimi.

Upepo wa tairi. Utingo anashuka na chuma, anagonga tairi, linalia, anasema "freshi". Tairi linalotaka 110 likiwa na 80 linalia vilevile, bwana. Na lile la ndani kwenye pea za nyuma hakuna anayelifikia hata kwa hicho chuma. Tafuteni geji, pimeni asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi la moto husoma juu. Wenye magari madogo kidogo, kiwango chenu kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mliopunguza upepo ili mpite mchanga wa Ushongo, mkarudi mjini mkasahau, mnajijua.

Moshi mweusi ni mafuta uliyoyalipia yakipaa. Kabla hujanunua nozeli, angalia hewa: eya klina, halafu hozi za turbo. Kuna Prado lilibadilishwa nozeli zote nne, moshi uleule. Hozi ilikuwa imepasuka kwa chini, mahali ambapo kidole tu ndicho kilichoingia. Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na vidonge vya kutia kwenye tangi nisivipotezee muda. Wamarekani wamevipima vifaa zaidi ya 100 vya namna hiyo, na hawakuona kimoja chenye faida ya maana.

Foleni ya mpakani Horohoro, foleni ya bandarini, foleni ya mizani. Roli linalonguruma limesimama hula kama lita 3 kwa saa. Kwa muda wa saa nne, lita 12, na hujasogea hatua. Turbo iliyotoka kuchapwa mlima ipe dakika mbili tatu ipoe, kisha zima. Mnaoniambia betri haitawasha tena, tatizo lenu ni betri.

Nilitaka nimalizie na breki inayokamata na beringi iliyokauka, kwa sababu hizo hazitoi moshi wala hazipigi kelele. Gari linajivuta kutwa nzima kama linapanda kilima, dereva anaongeza mafuta bila kujijua. Kipimo chake hakina gharama. Umetembea kilometa 20 au zaidi, umesimama bila kukamata breki kwa nguvu, unazunguka gari ukisogeza kiganja karibu na kila rimu. Karibu, nimesema, usiishike. Zote zitakuwa na joto. Unayoitafuta ni ile inayozidi wenzake...

Hiyo honi. Amefika. Nilimwambia mita 200 za mwisho aje kwa gia tu, asiguse breki. Tutokeni, wazee watangulie, na rimu ya kwanza aipime yule kijana wa free. Haraka kidogo, kabla hazijapoa.