Mwacheni mbwa angurume

Haya jamani, tuanze, watakaochelewa watatukuta njiani. Asanteni kwa kuja, na asante chemani wa LC, baraza letu la mtaa, kwa kutupatia viti na kivuli. Nimepewa karatasi yenye orodha ya tabia za mbwa zinazowasumbua hapa Busia: kubweka usiku, kuuma, kutafuna viatu, kukojoa ndani, kukimbiza boda, kuchimba. Nitajaribu kuzifikia, lakini nawaambia mapema kwamba kuuma ndiko kutakula muda, na kwenye kuuma kuna jambo moja ambalo nimelisema Tororo, nimelisema Mbale, nimelisema redioni, na bado kila nikiingia kompaundi ya mtu nakuta linafanywa vilevile. Msimpige mbwa kwa sababu amenguruma.

Mzee pale nyuma anatikisa kichwa, najua. Unasema mbwa anayemngurumia mwenye nyumba amekosa adabu. Subiri mzee wangu, nisikilize kwanza.

Kuna familia moja upande wa Tororo, sitawataja, walikuwa na mbwa dume wa kienyeji, mweusi, mkubwa, wanamwita Simba. Chakula chake posho, yaani ugali, na mukene, vile visamaki vidogo vikavu, mara moja kwa siku, jioni, kwenye sufuria kuukuu karibu na mlango wa jikoni, yaani pale pale kila mtu anapopita, mama anatoka kumwaga jivu, watoto wanatafuta mpira wao, kuku nao wanakuja kudokoa. Mnyama ana njaa tangu jana, chakula chenyewe ndiyo hicho hicho, na kila upande kuna mtu au kuku. Akaanza kunguruma. Baba mwenye nyumba akasema huyu hawezi kunitisha kwangu, akatafuta kipande cha paipu ya maji, kila akinguruma anakula paipu. Baada ya muda akanyamaza, baba akafurahi, akawa anawaambia majirani mbwa dawa yake ni fimbo tu. Halafu siku moja mtoto wa mwisho, wa miaka kama minne hivi, akainama kuokota kitu pembeni ya sufuria na Simba akamshika shavu.

Nilipofika nikauliza, je, alinguruma kwanza? Baba akanijibu kwa uhakika kabisa, "Hapana daktari, huyo kunguruma aliacha zamani."

Aliacha zamani! Sasa mnaona? Hofu ya kunyang'anywa chakula ilikuwa palepale, tena iliongezeka, kwa sababu sasa mtu akikaribia sufuria anakuja na paipu. Kilichotolewa ni ile sauti peke yake, ile iliyokuwa inamwambia mtoto rudi nyuma. Nyinyi mnaishi na matrela hapa mpakani usiku na mchana, trela likikupigia honi unaruka pembeni, humkasirikii dereva kwa kupiga honi. Ukikata waya wa honi, trela bado linakuja na uzito ni uleule. Mbwa anayenguruma bado anaongea na wewe, bado anakuomba, hataki kuuma. Wa kuogopa ni yule aliyefundishwa kwa kipigo kwamba kuomba hakufai.

Na hata kabla ya kunguruma kuna mambo mengi anayafanya, sisi ndio hatutazami. Leo jioni mtazameni mbwa wenu anapokula, simama mbali, mwambie mtu mzima mwingine apite pembeni naye akiwa mbali. Mbwa asiye na wasiwasi anaendelea kula, mkia umelegea. Mwenye wasiwasi kwanza anaharakisha, anameza bila kutafuna, halafu anaganda, mdomo umo ndani ya sufuria lakini hauchezi, mabega yamekaza, na jicho linageuka kukufuata bila kichwa kugeuka mpaka unaona weupe wake pembeni. Wengine wanajilamba pua, wengine wanapiga miayo na usingizi hawana. Mkia unaweza hata kutikisika, umesimama wima, unatikisika mfupi mfupi kwa haraka, na hapo ndipo watu wanaingia mkenge wanasema si unaona anafurahi. Mkia ukitikisika hivyo mwili ukiwa umekaza, hiyo si furaha, ondoka.

Basi ufanye nini? Hamisha sufuria kwanza, ipeleke mahali ambapo hakuna anayepita, nyuma ya nyumba, kwenye kibanda, popote pa utulivu. Chakula kile kile kigawe mara mbili, asubuhi na jioni, asikae na njaa mchana kutwa. Mtoto mdogo asimsogelee mbwa anayekula, hata kama ni mbwa mpole, hata kama wamekua pamoja, na usiniambie "wamezoeana", shavu la mtoto halijui habari ya kuzoeana. Halafu wewe mtu mzima, siyo mtoto, pita kwa mbali, pale ambapo mbwa bado hajaganda, umrushie kitu kitamu kuliko alichonacho, kipande cha ini au utumbo uliochemshwa, kidogo tu, ukubwa wa ukucha, uendelee na safari yako. Usisimame, usimwite, usimguse kichwa. Kesho tena, keshokutwa tena. Siku utakayoona anainua kichwa mwenyewe, mwili umelegea, anakungoja wewe na ini lako, sogea hatua moja karibu. Akiganda ujue umeharakisha, rudi nyuma. Hiyo kazi ni ya wiki nyingi, kwa wengine miezi. Na kama ameshauma mtu usijaribu peke yako, ita mtu wa mifugo au mfunzaji anayejua.

Nasikia mama anasema ini ni ghali. Mama, kipande cha elfu moja unakikata vidogo vidogo kinakaa siku kadhaa. Linganisha na mtoto aliyeumwa, kwenda hospitali mara baada ya mara kudungwa sindano, boda kwenda na kurudi, na kazi umeiacha.

Sasa mzee wangu wa nyuma, nakuja kwako. Kwamba mbwa lazima ajue nani mkubwa, la sivyo anataka kukutawala. Maneno haya yana historia. Mwaka 1947 mtaalamu mmoja, Rudolf Schenkel, aliandika kuhusu mbwa mwitu, wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza, waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel kule Uswisi, na kwa sababu walikuwa wamewekwa pamoja kwenye nafasi ndogo bila njia ya kutoka, walipigana sana kugombea nafasi, watu wakachukua hayo wakayaleta kwa mbwa wa nyumbani, kwamba kila mbwa anatafuta ufalme. David Mech wa Marekani, ambaye naye alikuwa amesaidia kuieneza hiyo habari, alikwenda kuwatazama mbwa mwitu porini, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia, baba na mama na watoto wao, wanaoongoza ni wazazi na hawakupata cheo kwa kupigana. Kwa hiyo hata huko yalikotoka maneno yenyewe yamesharekebishwa, na sisi huku bado tunamlaza mbwa chini kwa nguvu na kumkalia kifua eti ajue mkubwa. Atajua kwamba mikono yako inaumiza, hilo tu ndilo atakalolijua.

Wengine wanasema hayo ni ya mbwa wa Wazungu, mbwa wetu wa kienyeji hafundishiki bila kiboko. Nakataa kabisa! Nendeni Gulu, kuna mradi wa shirika la The BIG FIX, wanachukua mbwa wa kienyeji, wengine walikuwa wanazurura, wanafundishwa pamoja na watu waliobaki na majeraha ya moyo kutoka vita vya waasi wa Kony huko kaskazini, na hao mbwa wanaishi nao nyumbani kama wenzao. Ni mbwa wale wale mnaowatupia mawe hapa sokoni. Na ndugu zangu Waislamu, najua habari ya mate na udhu, sijaja kumwambia mtu alale na mbwa. Mbwa wa ulinzi anaweza kulishwa na kufundishwa bila kukulamba, na kumpiga hakukuongezei usafi wowote.

Jambo jingine kuhusu kunguruma, halafu nitoke hapo, naona nimekaa sana. Mbwa ambaye jana alikuwa sawa na leo ananguruma ukimgusa, mtafute maumivu. Tazama masikio, tazama meno, pekua manyoya. Hapa Uganda kuna wale mabuu wa nzi wanaoingia chini ya ngozi, unaona uvimbe mdogo, umejaa, una tundu katikati, na ukitazama vizuri kuna kitu kinachezacheza ndani. Niliitwa kumwona jike mmoja, waliniambia amegeuka mkorofi, anamngurumia anayemwosha. Alikuwa nao ubavuni, wengi, na kila akioshwa wanasuguliwa na brashi. Tukawatoa, tukatibu vidonda, na yule mkorofi akawa mtoto wa watu tena.

Naoneshwa saa, haya, nikimbie.

Kubweka usiku. Mbwa amefungwa mnyororo mchana kutwa, hajatembea, hajanusa kitu, usiku unataka abweke kwa mwizi tu na asibweke kwa trela, paka na mlevi. Haiwezekani. Mtembeze kabla ya giza, nusu saa hata na kamba ya katani, mpe mfupa mbichi mkubwa wa kutafuna, siyo uliopikwa, uliopikwa unavunjika vipande vikali. Akibweka usitoke kupiga kelele, yeye anaona mmebweka wote wawili. Nenda utazame kimyakimya, mwite, akija mpe kitu. Na mnaomtilia mbwa pilipili kwenye chakula ili awe mkali, mnamwumiza tumbo bure.

Viatu na kukojoa ndani: umetoka kazini, umekuta kiatu kimetafunwa, unamwonyesha, anainamisha kichwa, unasema anajua kosa lake. Mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alilijaribu hilo mwaka 2009, na ile sura ya hatia ilikuja zaidi pale mwenye mbwa alipomgombeza, hata kwa mbwa ambaye hakuwa amekula kitu. Anasoma uso wako. Kwa hiyo kumpiga saa tatu baadaye hakumfundishi chochote kuhusu kiatu. Weka viatu juu, mpe cha kutafuna, na mtoto wa mbwa mtoe nje akiamka, akila, akimaliza kucheza, akikojoa nje msifu pale pale.

Watoto wa mbwa nao, jamani, acheni kuwachukua wakiwa na wiki nne. Wiki nane kwenda juu. Na wakati wa kuzoea watu, boda, watoto na kelele ni kati ya wiki ya 3 na kama ya 14, ndipo akili yake iko wazi zaidi. Nyinyi ndipo mnamfungia gizani asione mtu eti awe mkali, mnapata mbwa mwoga, na mwoga ndiye anayeuma mjukuu.

La mwisho, na hili sitaki mtu atoke kabla hajalisikia. Mbwa akibadilika ghafla, anauma chochote, anatoa mate, sauti imebadilika, anayumba, hilo si la mafunzo, inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimshike, mwite mtu wa mifugo. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama ni mchubuko, halafu hospitali siku hiyo hiyo, siyo kesho, maana dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Yule baba wa Tororo alimwua Simba akamtupa kwenye bwawa, watu wengi hufanya hivyo kwa hasira. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa kwa usalama, afungiwe achunguzwe siku 10 huku mtu akiwa ameshaanza sindano, msingoje matokeo ya mbwa. Chanjo ya mbwa ni akifika miezi 3, halafu kila mwaka, kadi yake itunzeni.

Kuchimba na kukimbiza boda sikugusa. Mama wa kitenge cha njano, ulinyoosha mkono tangu nilipokuwa kwenye sufuria, uliza.